Ngazi ipo, vipandio havipo: Safari ndefu ya wapasuaji Weusi katika vyuo vya udaktari Marekani

NOVEMBA 29, 1944, jijini Baltimore, Marekani, mtoto wa miezi 15 aitwaye Eileen Saxon alilazwa kwenye meza ya upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Alizaliwa na kasoro ya moyo iliyozuia damu ya kutosha kufika kwenye mapafu, na enzi hizo mtoto wa hivyo wazazi walikuwa wanaambiwa wajipange kwa mazishi.

Aliyeshika kisu alikuwa Dkt Alfred Blalock, Mzungu, mkuu wa idara ya upasuaji. Nyuma yake, juu ya kistuli, alisimama jamaa mmoja Mweusi akichungulia begani mwa bosi, akimsahihisha kila uzi ulipoelekea upande usiofaa. Jamaa huyo ni Vivien Thomas. Hakuwa daktari. Chuo kikuu hakuwa amekikanyaga kama mwanafunzi hata siku moja.

Lakini upasuaji ule ulikuwa wake. Ndiye aliyeufanyia majaribio kwa mbwa maabarani, tena na tena, mpaka ukakubali. Blalock mwenyewe alikuwa ameufanya kwa mbwa mara moja tu.

Eileen aliongezewa miezi kadhaa ya kuishi. Watoto waliomfuata walipona kwa maelfu, na Hopkins ikawa gumzo la dunia. Upasuaji ukapewa jina: Blalock-Taussig, la Blalock na la Dkt Helen Taussig, daktari wa moyo wa watoto aliyekuja na wazo la kuwapa damu zaidi watoto hao. Jina la Thomas? Halikuwekwa. Miongo mingi ilipita kabla ya madaktari kuanza kusema Blalock-Thomas-Taussig.

Nimeanza na huyu jamaa kwa sababu ukimwelewa yeye, utaelewa mjadala unaoendelea Marekani hadi leo: kwa nini daktari Mweusi anaweza kuwa na mikono ya dhahabu, na bado asifike kwenye kiti cha profesa au cha mkuu wa idara ya upasuaji.

Fundi seremala aliyefunza wapasuaji

Thomas alikuwa seremala kijana mjini Nashville, jimbo la Tennessee, akiweka akiba aende chuo asome udaktari. Mwaka wa 1930 uchumi ukaporomoka, benki zikafungwa, na hela zake zikayeyuka. Kama uliwahi kuacha chuo kwa sababu karo iligoma, kama mimi, hapo huhitaji maelezo zaidi.

Mwaka huohuo alipata kibarua katika maabara ya Blalock kwenye Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kwa dola 12 kwa wiki. Alikuwa anapasua, anapima, anaandika matokeo na kutengeneza vifaa. Kwenye vitabu vya mishahara vya chuo, hata hivyo, aliorodheshwa kama mfagiaji. Kazi ya mtafiti, cheo cha mtu wa ufagio na ndoo.

Walipohamia Hopkins mwaka wa 1941 mambo hayakubadilika sana. Thomas akipita kwenye korido na koti jeupe, watu waligeuka kumkodolea macho, maana Weusi waliozoeleka pale walikuwa wafagiaji. Ili kujazia mshahara, kuna nyakati alifanya kazi ya kuhudumia vinywaji kwenye karamu za Blalock. Fikiria: mchana unawafunza madaktari vijana kushona mishipa ya damu, jioni unawamiminia pombe madaktari walewale.

Baadhi ya vijana aliowafunza walikuja kuwa vigogo wa upasuaji Marekani. Mwaka wa 1971 waliungana, wakalipia picha yake ya kuchorwa, nayo ikatundikwa Hopkins. Mwaka wa 1976 chuo kikampa shahada ya heshima. Haikuwa ya udaktari, ilikuwa ya sheria. Lakini angalau wanafunzi sasa waliruhusiwa kumwita Dkt Thomas, na akawekwa rasmi kwenye orodha ya walimu wa upasuaji, zaidi ya miaka 30 baada ya kuanza kuwafunza.

Ripoti moja, shule tano

Sasa utasema, hiyo ni stori ya mtu mmoja na ubaguzi wa kale. Sawa. Hebu tuangalie mfumo wenyewe.

Mwaka wa 1910 mwalimu anayeitwa Abraham Flexner alichapisha ripoti kuhusu shule za udaktari za Marekani na Canada. Nyingi zilikuwa ovyo kabisa, na kwa hilo alikuwa sahihi. Lakini alipofika kwa shule saba za Weusi, alipendekeza mbili tu ziendelee: Howard ya Washington na Meharry ya Nashville. Kufikia 1923 zile nyingine tano zilikuwa zimefunga milango.

Ripoti hiyo pia ilishauri kwamba daktari Mweusi afunzwe usafi na kinga ya magonjwa zaidi ya upasuaji. Soma tena hiyo. Mtu mmoja aliandika kwamba kisu si chako, na kwa kizazi kizima mfumo ukafuata.

Watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka wa 2020 walikadiria kwamba kama shule zile tano zingebaki, zingekuwa zimetoa takriban madaktari 35,000 zaidi hadi sasa. Hao ni watu ambao wangekuwa wamefunza wengine, wakaajiri wengine, wakawaandikia wengine barua za kupandishwa cheo.

Na hata waliohitimu walikuta mageti mengine. Hospitali nyingi hazikutaka daktari Mweusi aguse mgonjwa ndani yake. Ndiyo maana Dkt Daniel Hale Williams alianzisha hospitali ya Provident jijini Chicago mwaka wa 1891, ambako Weusi wangeweza kufanya kazi na kusomea uuguzi. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1893, alimfungua kifua mwanamume aliyechomwa kisu karibu na moyo, akamshona, na jamaa akaishi. Vyama vya madaktari navyo viliwafungia nje Weusi, wakaanzisha chao mwaka wa 1895. Chama kikuu cha madaktari Marekani kilikuja kuomba radhi mwaka wa 2008. Ndiyo, 2008. Barack Obama yuko kwenye kampeni, wewe pengine uko shule ya msingi, ndipo wanasema pole.

Drew na damu yenye rangi

Ukiwahi kutoa damu, kuna mtu unafaa kumshukuru. Dkt Charles Drew alikuwa mpasuaji Mweusi ambaye utafiti wake ulionyesha jinsi ya kuhifadhi damu na plazima kwa kiwango kikubwa. Mwaka wa 1940 aliongoza mpango wa kutuma plazima Uingereza wakati wa vita, na 1941 akasimamia benki ya damu ya majaribio ya Msalaba Mwekundu wa Marekani.

Kisha ikatangazwa kwamba damu ya Weusi haitapokewa. Baadaye ikapokewa, lakini ikatengwa kando isichanganyike na ya Wazungu. Drew alisema wazi kwamba sayansi haina msingi wowote wa kutenga damu kwa rangi. Yaani mtu aliyewajengea benki, damu yake mwenyewe ilikuwa inawekwa rafu ya pembeni.

Kuna uvumi maarufu kwamba Drew alipopata ajali ya gari mwaka wa 1950 huko North Carolina, hospitali ya Wazungu ilimkatalia akafa. Si kweli. Alihudumiwa na madaktari Wazungu, majeraha ndiyo yaliyomzidi. Ukweli wa maisha yake unatosha, hauhitaji chumvi.

Kilicho muhimu kwetu ni alichofanya aliporudi Howard: alifunza wapasuaji. Mmoja wa wanafunzi wake, Dkt LaSalle Leffall, alikuja kuwa rais wa kwanza Mweusi wa Chuo cha Wapasuaji cha Marekani, mwaka wa 1995. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1913. Miaka 82 kumpata mmoja.

Ngazi ya uprofesa inavyopandwa

Tuingie ndani kidogo. Hospitali za vyuo vikuu Marekani zina kazi tatu: kutibu, kufunza na kutafiti. Mpasuaji akiajiriwa huko huanza kama profesa msaidizi, anapanda kuwa profesa mshiriki, kisha profesa kamili. Kwenye kundi hilo la mwisho ndiko hutafutwa wakuu wa idara. Na mkuu wa idara ndiye bosi wa kweli: anaamua nani aajiriwe, nani apewe maabara, nani apate siku ngapi za thieta kwa wiki.

Kupanda kunahitaji vitu vinne. Makala za utafiti. Pesa za utafiti. Barua kutoka kwa maprofesa wa vyuo vingine wanaokujua. Na muda. Kila kimoja kina mtego wake.

Chukua pesa. Ruzuku kubwa za utafiti wa tiba Marekani hutoka kwa Taasisi za Kitaifa za Afya, NIH. Mwaka wa 2011 jarida la Science lilichapisha uchunguzi kuhusu waombaji wa ruzuku hizo. Hata baada ya kulinganisha elimu, mafunzo na kazi za awali, watafiti Weusi walikuwa nyuma ya Wazungu kwa asilimia 10 katika uwezekano wa kupewa. Uchunguzi mwingine wa 2019 uligundua kwamba zaidi ya moja kwa tano ya pengo hilo ilitokana na mada zenyewe: watafiti Weusi waliomba zaidi pesa za kutafiti afya ya jamii na watu, na mada hizo hupewa pesa kidogo kuliko za seli na molekuli.

Chukua muda. Ukiwa daktari Mweusi peke yako kwenye idara, kila kamati ya usawa inakutaka. Kila mwanafunzi Mweusi mwenye stress anabisha mlango wako. Picha ya tovuti ya chuo, uko mbele. Wamarekani wenyewe wameiita kodi ya wachache: kazi nyingi, za maana kweli, lakini siku ya kupandishwa cheo hazihesabiwi. Mwenzako alikuwa anaandika makala, wewe ulikuwa kwenye kikao.

Halafu kuna wanaoanguka kabla hata hawajafika kwenye ngazi. Mafunzo ya ubingwa wa upasuaji wa jumla huchukua angalau miaka mitano baada ya shahada ya udaktari. Katika kipindi kama hicho bosi mmoja asiyekupenda anaweza kukumaliza. Takwimu za 2015 zilionyesha kwamba Weusi walikuwa karibu asilimia 5 ya madaktari wote walio mafunzoni, katika nyanja zote, lakini karibu asilimia 20 ya waliofukuzwa.

Matokeo yake unayaona juu. Weusi ni kama asilimia 13 ya Wamarekani, ila madaktari Weusi hawafiki asilimia 6. Kwa wanawake ni kubaya zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 ulihesabu wapasuaji 15,671 wanaofunza kwenye vyuo vya udaktari, na wanawake Weusi walikuwa 123 tu. Hiyo ni chini ya asilimia moja. Waliokuwa na ajira ya kudumu ya uprofesa walikuwa 11. Hao hawajazi hata matatu moja ya Rongai.

Na kwa wanaume? Mwaka wa 1978 wanaume Weusi 542 walijiunga na shule za udaktari Marekani. Mwaka wa 2014 walikuwa 515. Miaka 36 imepita, nchi imekuwa kubwa, wao wamepungua.

"Lakini si kuna Ben Carson?"

Najua kuna msee anauliza hivyo. Wengi wetu tulimjua Carson kupitia kitabu cha maisha yake kilichozunguka shuleni na kanisani hadi kurasa zikang'oka. Ni kweli, mwaka wa 1984, akiwa na umri wa miaka 33, alifanywa mkuu wa upasuaji wa ubongo wa watoto, hapohapo Hopkins. Alitia bidii, hakuna anayebisha.

Ila mtu mmoja kuruka ukuta hakuondoi ukuta. Ukitaka kujua kama mfumo uko sawa, usimwangalie aliyefika. Hesabu waliotoka naye mwanzo wamoja, wenye bidii ileile, uone waliishia wapi. Thomas alikuwa na kipaji na bidii kwenye jengo hilohilo miaka 40 kabla yake.

Wapo pia wanaosema upasuaji ni kazi ya uhai na kifo, kwa hivyo achaguliwe bora tu, rangi ikae kando. Ni hoja ya haki na nani hataki mpasuaji bora? Shida ni kwamba ubora unapimwa kwa makala, ruzuku na barua, na tumeshaona hivyo vitatu havigawanywi kwa mizani moja.

Mgonjwa naye ana sehemu yake

Hii si vita ya vyeo pekee. Mwaka wa 2018 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la Oakland, California, lililohusisha karibu wanaume Weusi 1,300. Waliokutana na daktari Mweusi walikubali vipimo na kinga zaidi kuliko waliokutana na asiye Mweusi. Watafiti wakakadiria kwamba hilo pekee lingeweza kupunguza kwa asilimia 19 pengo la vifo vya moyo kati ya wanaume Weusi na Wazungu.

Na kuna kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, ambacho Wakenya wengi walikifahamu wakati wa Covid-19. Desemba 2020 utafiti kutoka Michigan ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa Wazungu. Kifaa kilikuwa kimetumika kwa miongo. Swali la nani anakaa kwenye meza ya utafiti linafika hadi kwenye kidole chako.

Aliyeingia kwenye chumba cha kuchagua

Turudi Hopkins, kwa mtu mwingine. Levi Watkins alikulia Montgomery, Alabama, akisali katika kanisa la Martin Luther King. Mwaka wa 1970 akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu udaktari Vanderbilt, chuo kilekile kilichomwandika Vivien Thomas kama mfagiaji. Akaenda Hopkins kusomea upasuaji wa moyo, na aliyemkuta huko akimpa mawaidha ni Thomas mwenyewe, akiwa mzee sasa.

Februari 1980 Watkins alimpachika binadamu kwa mara ya kwanza kifaa kinachoushtua moyo wenyewe unapoanza kupiga ovyo. Leo kifaa hicho kimeokoa watu wasiohesabika. Angeweza kuishia hapo, ale sifa zake kwa amani.

Badala yake, mwaka wa 1979 alikuwa tayari amejiunga na kamati ya kuchagua wanafunzi wa udaktari. Aliwaandikia vijana Weusi kote nchini, akawashawishi waombe, wakija akawapokea. Ndani ya miaka michache idadi yao Hopkins ikapanda mara kadhaa. Yeye mwenyewe uprofesa kamili aliupata mwaka wa 1991, miaka 11 baada ya upasuaji ule wa historia.

Wengine walijenga mtandao. Mwaka wa 1989 kilianzishwa chama cha wapasuaji Weusi wa vyuo vikuu, na mmoja wa waanzilishi, Dkt Onye Akwari wa Chuo Kikuu cha Duke, alizaliwa Nigeria. Kazi yao ni ya vitendo: profesa wa chuo kimoja anamjua kijana wa chuo kingine, anasoma makala yake, na siku ya barua ikifika ana la kuandika. Ni chama kwa maana ile mama zetu wanaijua, tofauti ni kwamba zamu yako ikifika unapokea barua badala ya pesa.

Upepo umegeuka

Juni 29, 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku vyuo kuzingatia rangi katika kuchagua wanafunzi. Kwenye darasa la udaktari lililoanza 2024, wanafunzi Weusi walipungua kwa asilimia 11.6. Mwaka wa 2025 serikali ya Donald Trump ikaanza kufuta mipango ya usawa, na NIH ikakatiza ruzuku nyingi zilizohusishwa na mada hizo, ikiwemo ya kuwasaidia watafiti chipukizi kutoka makundi yenye watu wachache.

Hesabu hapa ni rahisi. Kutoka siku ya kwanza ya udaktari hadi uprofesa kamili wa upasuaji ni kama miaka 25 mambo yakienda vizuri. Anayefungiwa nje leo, pengo lake litaonekana miaka ya 2050. Shule tano za 1923 zilitufundisha hivyo.

Kama una ndoto ya kuvuka kwenda kusomea udaktari huko, jua hili mapema: ukishuka ndege hakuna anayeuliza kama wewe ni wa Kisumu au wa Kilifi. Kwenye takwimu zao wewe ni Mweusi, pamoja na historia yote niliyoeleza hapa ambayo hukuzaliwa nayo. Kwa hivyo chagua programu kwa kuuliza maswali ambayo hayako kwenye tovuti. Weusi wangapi walianza mafunzo hapa miaka kumi iliyopita, na wangapi walimaliza? Nani alipandishwa cheo? Kazi ya kamati inahesabiwa au ni shukrani tu? Na tafuta mtu wa kukuandikia barua kabla hujaihitaji.

Hata usipovuka, tazama ofisi uliyomo. Huku kwetu rangi haitutenganishi, lakini jina la pili na "unajulikana na nani" tunavijua vizuri. Kila mahali pana mtu anayefanya kazi ya fundi na kulipwa ya mfagiaji, huku jina lake likikosekana kwenye ripoti. Siku utakayopewa nafasi ya kukaa kwenye chumba cha kuchagua, kumbuka Watkins alipoingia mle aliwaandikia kina nani.